Boti Iliyotua Tabora

Maji ya chumvi hula chuma, maji baridi hula mbao. Kuvu inayoozesha mti haiwezi chumvi. Ndiyo maana jahazi hukaa baharini miaka na miaka na mataruma yake yakabaki magumu, ilhali mbao zake za juu, zinazonyeshewa mvua, huanza kulainika mapema. Wajenzi wa meli za mbao kule Marekani, katika karne ya 19, walikuwa wakishindilia chumvi kati ya mataruma, ili maji ya mvua yatakayopenya yakutane na chumvi kwanza. Nayatanguliza haya kwa sababu boti ninayoisimulia ilitumika baharini muda mrefu bila kuoza, ikaja kuozea nchi kavu, chini ya mwarobaini, kwenye ua wa mtu ambaye hakuwa na haja nayo tena. Haikufunikwa. Mvua za masika ziliingia, zikatuama nyuma, zikapenya kwenye matundu ya boliti zilizokuwa zimeshika injini, zikakaa ndani ya faiba mahali ambapo jua halifiki.

Kaka yangu na wenzake wawili waliinunua wakijua ni ya zamani. Walitaka boti ya kubeba watu na mizigo kutoka Kibirizi, pale Kigoma, kwenda vijiji vya kaskazini mpaka Kagunga, ambako ziwa ndilo barabara. Kwa macho ilikuwa boti njema: rangi yake imefifia lakini haina ufa, mkuku umenyooka, na ukiipapasa ubavuni mkono unateleza. Mimi nilipewa kazi ya kuisindikiza juu ya lori. Tukaifuata barabara ya kati kutoka pwani, Morogoro, Dodoma, Manyoni, Itigi, mpaka Tabora. Dereva alikuwa na mzigo mwingine wa kushusha hapo kabla ya kuendelea Urambo na Kaliua na kuuvuka Malagarasi kwenye Daraja la Kikwete. Usiku ule tukalilaza lori Isevya, hapo hapo Tabora, nyumbani kwa mjomba wangu, seremala.

Mjomba hakuwa mtu wa boti. Maisha yake yote ametengeneza milango, vitanda na makabati ya mninga, na ziwa alikuwa ameliona mara chache tu, tena kwa kwenda kuzika. Asubuhi, baada ya shikamoo na marahaba, alipanda kwenye lori na chai yake mkononi. Akaigonga boti ubavuni kwa vifundo vya vidole. Akaigonga nyuma. Akarudi ubavuni, akasikiliza, akaagiza aletewe nyundo ya mti.

“Mpwa wangu, huu ubao wa nyuma umekufa.”

“Mjomba, hiyo ni faiba, si ubao.”

“Faiba ni nguo. Mimi nakwambia habari ya aliyeivaa.”

Alikuwa amesema kweli tupu. Boti nyingi za faiba za miaka ya nyuma si faiba tupu. Mahali panapotundikwa injini ya kupachika, mjenzi aliweka ubao mnene, mara nyingi plaiwudi mbili zilizogandishwa pamoja, kisha akaufunika kwa faiba nje na ndani. Ubao huo ndio unaobeba kila kitu. Injini ya nguvu farasi 40 ina uzito wa mtu mzima. Ikinguruma, huusukuma mbele. Boti ikipanda wimbi na kushuka, huuvuta nyuma. Ikigusa mchanga, huupiga kwa kishindo. Ubao ukiwa mzima, nguvu hizo zinaenea bodi nzima. Ukiwa umeoza, zinabaki kwenye maganda mawili membamba ya faiba, moja nje, moja ndani, na katikati hakuna kitu. Siku yatakapopasuka, injini itazama na mlango wa maji utabaki wazi kwa nyuma. Nilipoliwaza hilo niliwaona akina mama wa Kagunga na ndizi zao na watoto wao mgongoni, usiku, mbali na pwani. Tangu hapo sikuhitaji kubembelezwa.

Tulitoboa matundu madogo kutoka ndani, kwa keekee nyembamba, tukaukusanya kwenye karatasi unga uliotoka. Upande wa juu ulitoka mweupe, mkavu. Chini, karibu na tundu la kutolea maji, ulitoka mweusi, umelowa, unanuka uyoga. Pembeni mwa matundu ya boliti pia ulikuwa mweusi. Ramani ya uozo ikajichora yenyewe: maji yaliingilia pale mtu alipotoboa, yakashuka, yakajaa chini. Hakuna sehemu hata moja iliyooza ambayo haikuwa jirani na tundu lililotobolewa kwa mkono wa mtu. Mjenzi wa kwanza alifunga kazi yake vizuri. Waliokuja baadaye, kila mmoja na skrubu yake, huyu ya ngazi, yule ya taa, mwingine ya ndoano ya kamba, ndio walioyafungulia maji njia, na bila shaka kila mmoja aliondoka akijua amefanya kazi ndogo.

Ilibidi kuamua. Dereva alitaka kuondoka. Kaka, kwenye simu, alitaka boti ifike Kigoma kwanza, itengenezwe huko huko waliko mafundi wa faiba. Mjomba aliomba simu. Alimweleza, kwa upole wa mtu anayezungumza na mtoto wa dada yake, kwamba boti ikishafika Kibirizi itaonekana na maji, na abiria wataiona, na mmoja wa wanunuzi watatu atasema tufunge injini kwa safari moja tu. Tabora hakuna maji ya kuishawishi. Tena ni kipupwe, upepo mkavu, na mvua ziko mbali. “Iacheni itue hapa,” alisema. Kaka alinyamaza kidogo, kisha akakubali. Boti ikashushwa juu ya magogo, chini ya mwembe.

Nimeufikiria sana uamuzi ule, kwa sababu Tabora ndiyo kazi yake tangu zamani. Misafara iliyotoka Bagamoyo haikupita tu hapa, ilitua. Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, kituo cha misafara palipo Tabora sasa, mwezi Novemba 1857 walikuta wafanyabiashara wa pwani na Waarabu wamejenga, wamepanda, wameweka maghala. Hapa njia ziligawanyika: moja magharibi kwenda Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, nyingine kusini. Wapagazi wa pwani walilipwa wakarudi, wapya wakatafutwa, mizigo ikafunguliwa, ikapimwa, ikafungwa upya katika uzito wa frasila mbili hivi kwa kila bega. Msafara ungeweza kukaa wiki nyingi. Vitabu vya wazungu vimejaa malalamiko juu ya kucheleweshwa hapa Unyanyembe, na nikivisoma naona wengi hawakuelewa. Mzigo uliolegea ukigunduliwa Tabora unafungwa chini ya mti. Ukigunduliwa katikati ya pori la Malagarasi, unaachwa porini pamoja na mtu aliyeubeba.

Na boti si mgeni wa njia hii. Burton na Speke walikuwa na yao ya chuma, Louisa, ikaachwa pwani kwa kukosa wapagazi, na walipofika Ziwa Tanganyika mwaka 1858 ikabidi wategemee mitumbwi ya kukodi. Henry Stanley, aliyeondoka Bagamoyo Novemba 1874, alikuja na Lady Alice, boti ya mwerezi yenye urefu wa futi 40, iliyojengwa Teddington, Uingereza, ikagawanywa vipande vitano ili ibebwe mabegani. Ilipofika Zanzibar vipande vilionekana vizito na vipana mno kwa njia za porini, na fundi mmoja akavikata upya hapo hapo kisiwani. Boti hiyo ililizunguka Ziwa Viktoria, ikavuka Unyamwezi mwaka 1876, ikalizunguka Tanganyika, ikateremka Kongo. Miaka michache baadaye wamisionari wa London walileta boti yao, Morning Star, vipande vyake vikivutwa kwa mikokoteni hadi Ujiji. Majina ya boti hizo na ya wenye nazo yamehifadhiwa. Majina ya wapagazi walioziinua na kuzitua, wengi wao wa nchi hii ya Unyamwezi, yamehifadhiwa machache mno, na hilo linaniuma kila ninapoyasoma mambo haya.

Fundi wa faiba alikuja na treni kutoka Kigoma, mtu wa makamo, mwembamba, mikono imejaa makovu ya rezini. Kazi ya kwanza ilikuwa kulifungua ganda la ndani. Alipiga mstari kwa chaki, akaacha ukingo wa upana wa kiganja pande zote ili kuwe na mahali pa kuunganishia, kisha akakata kwa grainda. Ganda la nje hakuligusa. Hilo ndilo lililoshika umbo la boti. Vumbi la faiba ni adui wa kweli: linawasha ngozi siku nzima na likiingia kifuani linadhuru. Tulivaa mikono mirefu na barakoa, watoto wa jirani wakafukuzwa, na jioni tulioga kwa maji ya baridi, maana ya moto huzidisha muwasho.

Ganda lilipotoka, ubao ulikuwa matope. Sehemu ya chini tuliichota kwa mwiko. Ya juu ilibidi kupigwa kwa patasi, vipande vidogo vidogo, mpaka faiba ikabaki tupu. Ilikuwa kazi ya kuchosha na isiyo na sifa yoyote, lakini sikuwahi kuona watu wawili wakifanya kwa makini kama fundi na mjomba. Fundi alikataa kuacha hata ukucha wa mbao nyeusi pembeni. Alisema kuvu haifi kwa kufunikwa, hulala tu, unyevu ukirudi huamka.

Ubishi ulizuka kwenye mbao mpya. Mjomba alikuwa na mninga wa Kaliua, umekaa darini kwake miaka, mkavu, usio na fundo. Mninga hauogopi mchwa wala kuoza kwa urahisi, na sifa yake kubwa ni kwamba hauchezi: hauvimbi sana ukilowa wala kusinyaa sana ukikauka. Kwa nini tununue plaiwudi kutoka Dar es Salaam, karatasi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, wakati mti bora wa nchi uko darini? Lilikuwa swali la haki. Fundi hakulidharau. Aliuchukua ubao wa mninga, akaupima kwa mikono, akausifu, kisha akaeleza. Nyuzi za ubao wowote, hata wa mninga, zinaelekea upande mmoja. Boliti za injini zikipangwa kwa kufuata nyuzi hizo, nguvu itautafuta mstari huo na kuupasua. Tena kuufunika upana wote wa nyuma kungehitaji mbao kadhaa zilizoungwa, na kila kiungo ni mstari mwingine. Plaiwudi ya majini imepangwa tabaka juu ya tabaka, nyuzi za hili zikikata nyuzi za lile, kwa hiyo haina upande wa kupasukia.

Mjomba alikaa kimya akikivuta kidevu. Akauliza: “Na nini kitalinyoosha ganda la nje wakati gundi inakauka? Maana hilo sasa ni legelege.” Fundi alikuwa amezoea kutumia mabomba ya chuma. Mjomba akaingia ndani akatoka na mbao mbili nene za mninga, akazipiga randa mpaka ukichungulia kwa ncha huoni hata upinde wa nywele. Zikafungwa kwa nje, kutoka ubavu hadi ubavu, na klampu na boliti zikapita kwenye matundu yale yale ya zamani, zikivuta plaiwudi, gundi na ganda vikae sawasawa. Ganda lilinyooka kuliko lilivyokuwa mwanzo. Mafundi wawili wa kazi mbili tofauti walikuwa wameulizana bila kushindana, na mimi niliyekuwa nikiwachotea maji nilijifunza hapo zaidi ya nilivyojifunza kwenye karakana nyingi.

Kabla ya kugandisha, ilibidi kukausha, na hapa ndipo Tabora ilipofanya kazi yake. Asubuhi boti ilifunuliwa, jioni ikafunikwa ili umande usiirudishe nyuma. Vipande vya plaiwudi vilivyokwisha kukatwa kwa kielelezo cha boksi vilisimamishwa kivulini, si juani, ili visipinde. Mjomba alichukua kipande kidogo cha plaiwudi hiyo hiyo, akawa anakipima kila asubuhi kwenye mizani ya dukani. Uzito ulikuwa ukipungua kidogo kidogo. Alisema kazi itaanza siku mizani itakapogoma kushuka. Kwenye faiba yenyewe fundi alibandika kipande cha nailoni kwa gundi ya karatasi pande zote usiku kucha. Asubuhi ya kwanza nailoni ilikuwa na matone kwa ndani. Tukasubiri. Kaka alipiga simu mara nyingi kipindi hicho, na kila mara mjomba alimjibu kwa utaratibu ule ule, akimtajia mizani inasemaje.

Mizani ilipogoma, tulianza kabla jua halijapanda, kwa sababu joto huharakisha rezini. Kwa kushika mti, fundi alitumia epoksi, ingawa ni ghali kuliko rezini ya kawaida ya faiba, ambayo hushika faiba kwa moyo lakini mti huushika shingo upande. Alipakaza plaiwudi epoksi nyepesi kwanza, hasa kwenye kingo, maana kingo ndiko mbao inakonywea. Mchanganyiko haukuachwa ndooni: ukiwa mwingi mahali pamoja hujipasha moto wenyewe mpaka utoe moshi. Ulimiminwa kwenye karai pana, ukasambazwa. Plaiwudi mbili za milimita 18 zikagandishwa, zikasukumwa kwenye ganda, boliti zikakazwa taratibu mpaka gundi ikachungulia kingoni pande zote. Haikukazwa kupita hapo, kwa sababu kukaza mno huikamua gundi yote na kuacha mbao mbili kavu zinazotazamana. Kisha pembe za ndani zikajazwa ziwe mviringo, kwa kuwa nyuzi za faiba hazikubali kukunjwa kona kali, na tabaka za nyuzi za kufumwa zikalazwa, kila moja ikienea ubavuni na sakafuni zaidi ya ile iliyotangulia.

Matundu ndiyo yaliyochukua umakini wa mwisho. Fundi alitoboa kila tundu la boliti kwa upana uliozidi mahitaji, akalijaza epoksi iliyokorezwa unga mpaka ikawa kama ugali, akaiacha igande, kisha akatoboa tena katikati yake kwa kipimo cha boliti. Kwa hiyo boliti inapita ndani ya epoksi, haigusi mti hata kidogo, na maji yakipenya yanakuta ukuta. Tundu la kutolea maji likafanyiwa vivyo hivyo. Nilimuuliza mbona anahangaika hivyo wakati silikoni ingetosha. Akaniambia silikoni ni ya kuongezea juu ya kazi iliyokwisha kufungwa.

Tulipokuwa tukisubiri epoksi igande, mjomba, aliyewahi ujanani kwenda kuzika kwa Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, alinisimulia jambo lililonifanya niitazame meli ile kwa jicho jingine. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikafungwa katika maelfu ya makasha na kuletwa kwa reli iliyokuwa imefika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Makasha yale yote yalipita hapa. Ikashushwa ziwani 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani, wakiwa wanarudi nyuma vitani, waliizamisha wenyewe, lakini mafundi wake waliipaka mitambo grisi nzito kabla haijazama. Iliinuliwa 1924, ikaanza safari tena 1927 kwa jina la Liemba. Miaka mingi chini ya maji, na mitambo ikafufuka. Watu wale walikuwa wameshindwa, wanakimbia, na hawakujua kama wataiona tena. Bado walikaa wakapaka grisi. Sina huruma na utawala wao, lakini kwa kazi ile ya mikono nina heshima.

Boti yetu iliondoka Tabora kabla ya joto la Oktoba. Injini ilifungwa Kibirizi, na fundi akapanda nyuma, akasimama juu ya mguu wa injini kwa uzito wake wote huku akitazama ukingo wa faiba. Haukutikisika. Mninga wa mjomba ulibaki Isevya na sasa ni fremu ya mlango.

Siku hizi boti za faiba zinaongezeka ziwani, nyingine zimekopeshwa wavuvi na serikali, na nyingi kati ya zile za zamani zinauzwa mkono kwa mkono. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, vyombo vilivutwa juu, na mimi nilipita kwa wenye navyo na nyundo ya mti. Miezi hiyo ni ya kiangazi, na hakuna wakati bora wa kugonga, kutoboa na kukausha. Wengine walinipokea, wengine waliniona msumbufu. Mzee mmoja mwenye boti kuukuu aliudhika kabisa nilipomwambia mlio wa upande mmoja umenitia shaka. Alisema ubao wake ni mzima na hatakubali utobolewe na kijana aliyejifunzia boti Tabora. Tulizungumza mpaka akaridhia tundu moja, dogo, kwa ndani. Unga ulitoka mweupe, mkavu, kutoka juu mpaka mwisho wa keekee. Alifurahi sana, akanishika mkono, akataka twende tukanywe chai mara moja.

“Twende, mzee wangu,” nilimwambia, “lakini kwanza nishikie tochi.” Nikachanganya epoksi kidogo kwenye kifuniko cha chupa, nikaizungushia unga, nikalijaza lile tundu mpaka likafurika.

“Tundu dogo hivi?”

“Hilo hilo, mzee.”

Akaishika tochi mpaka nilipomaliza.